Alfa 0.93 na mama aliyechoka kuulizwa

Juzi nimeletewa tena. Mwanafunzi wa uzamili, mpole, na adabu zake zote: "Shikamoo, Dokta. Suala la uthabiti nimeshalimaliza. Alfa ni 0.93."

Alfa ya Cronbach ni namba inayoonyesha majibu ya vipengele vya dodoso yanavyokwenda pamoja; ikikaribia 1, watu husema dodoso lina uthabiti. Nikamwomba anisomee dodoso lenyewe. Kipengele cha 3: "Ninajisikia huzuni." Cha 7: "Moyo wangu una huzuni." Cha 12: "Siku hizi nimekuwa mtu wa huzuni." Nikamuuliza wahojiwa walisemaje. Akacheka kidogo. Kuna mama mmoja alimwambia, "Mwanangu, hilo si umeshaniuliza?"

Yule mama anaijua alfa ya Cronbach kuliko sura nzima ya tatu ya tasnifu.

Alfa hupanda vipengele vikifanana, na hupanda pia vikiwa vingi. Chukua vipengele 10 ambavyo wastani wa uwiano baina yao ni 0.2 tu, yaani vinajuana kwa mbali. Alfa inatoka 0.71. Viongeze vya namna hiyohiyo vifike 20, unapata 0.83. Vikifika 40, 0.91. Haba na haba hujaza kibaba. Jumla ya alama kweli inatulia zaidi, hilo sibishi, ila vipengele bado vinajuana kwa mbali vilevile, na alfa haijakwambia kama vinapima kitu kimoja au vitatu.

Uhalali, yaani kama kipimo kinapima kile kinachodai kupima, nauruka leo. Muuza mchele mwenye kopo lililobonyezwa kitako anakupunja kiasi kilekile asubuhi na jioni; uthabiti anao. Tuendelee.

Kinachonipandisha presha ni sentensi hii: "Dodoso hili lina uthabiti wa 0.89." Dodoso halina uthabiti! PHQ-9, lile la sonona lenye vipengele 9, lilipochapishwa mwaka 2001 lilipata 0.89 kwa wagonjwa wa kliniki za kawaida huko Marekani. Namba ile ni ya majibu ya watu wale, katika lugha yao, siku zile. Haisafiri na karatasi. Uthabiti ni ile sehemu ya tofauti baina ya watu ambayo haikuletwa na makosa ya upimaji. Sasa wewe ukipima watu wanaofanana, tuseme vijana wa mwaka wa kwanza watupu, wazima wa afya, tofauti za kweli zinasinyaa, makosa yanabaki palepale, na uthabiti unaporomoka bila karatasi kubadilika hata nukta.

Halafu kuna lugha. Kipimo cha Rosenberg cha kujithamini, cha mwaka 1965, kina vipengele 10, na vitano vimeandikwa kwa upande hasi. Kwenye karatasi hakuna shida. Mpe mdodosaji akisome barazani kwa mzee asiyetaka kuvaa miwani, naye atakigeuza swali: "Mzee, huna mengi ya kujivunia?" Ukiniuliza "Hujala?" nami sijala, nitakujibu "Ndiyo, sijala." Jirani yangu atajibu "Hapana, sijala." Wote tuna njaa, na tiki zimeingia visanduku viwili tofauti. Mwisho wa mwezi mwanafunzi anaona kipengele hicho kina uwiano hasi na wenzake, anatazama ile safu ya SPSS, programu ya takwimu, ya alfa kipengele kikiondolewa, na anakifuta. Alfa imepanda, anashangilia.

Sina haki ya kumcheka sana. Miaka ya nyuma nilikifuta kipengele cha mawazo ya kujidhuru kwa sababu kilikuwa kinaishusha alfa yangu. Kilikuwa kinaishusha kwa kuwa karibu kila mtu alijibu "hapana". Wale wachache waliosema "ndiyo" ndio niliotumwa kuwatafuta.

Na hiyo alfa ya 0.70 mnayoimba kuwa inatosha: Nunnally, mtaalamu wa upimaji wa kisaikolojia, mwaka 1978, aliitaja kwa utafiti ulio hatua za mwanzo. Kwa uamuzi juu ya mtu mmoja mmoja alitaka angalau 0.90. Piga hesabu: mkengeuko sanifu wa alama (kadiri watu wanavyotofautiana) 5, uthabiti 0.70, kosa sanifu la upimaji (kadiri alama ya mtu inavyoweza kuyumba) ni kama 2.7. Enda mara mbili ya kosa hilo kila upande. Aliyepata 10, alama inayotumika mara nyingi kama mpaka wa PHQ-9, anaweza kabisa kuwa mtu wa 5 au wa 15. Nawe unampa rufaa au unamrudisha nyumbani.

Wengine husema: "Basi turudie kipimo baada ya wiki mbili, tuone kama majibu yanabaki yaleyale." Sawa. Mkulima uliyemhoji ukame ukiwa umekolea, ukimrudia mvua zimenyesha akajibu tofauti, dodoso limeyumba au maisha yake yamebadilika? Sijawahi kupata jibu linaloniridhisha. Huchagua wiki mbili kwa sababu wenzangu wote huchagua wiki mbili. Omega, kipimo kingine cha uthabiti, naitumia, na mara nyingi inatofautiana na alfa kwa desimali ya pili. Alfa bado naiandika, maana wahakiki wa majarida wasipoiona wanarudisha makala.

Cronbach mwenyewe, ambaye alfa inabeba jina lake, katika makala iliyotoka mwaka 2004, yeye akiwa ameshafariki, aliandika kwamba haioni tena fomula ile kuwa ndiyo njia ifaayo zaidi kwa data nyingi.

Mwanafunzi nimemrudishia rasimu. Kwenye vile vitatu vya huzuni abakize kimoja, na amrudie yule mama amuulize kipi kilimwingia akilini. Alfa itashuka. Ameniuliza kama mtahini wa nje atakubali. Nimemwambia sijui.