Marupurupu ya kazi ni nini, na yapi humfaa mtu kwa miaka mingi

Mtu akipata kazi mpya Arusha au Moshi, ndugu na majirani humuuliza jambo moja: mkononi unapata ngapi? Swali ni la haki, maana kodi ya nyumba haingoji, na ada nayo haingoji. Ila kaa na watu wawili walioanza kazi mwaka mmoja, kwa mishahara inayokaribiana, uwaangalie baada ya miaka 20. Mmoja amejenga, watoto wamesoma, michango yake kwenye mfuko wa pensheni wa NSSF imekamilika. Mwenzake anaanza upya. Mara nyingi kilichowatenganisha ni marupurupu, na namna kila mmoja alivyoyatazama siku ya kusaini mkataba.

Marupurupu ni kila kitu chenye thamani ambacho mwajiri humpa mfanyakazi nje ya mshahara: posho ya nyumba, basi la wafanyakazi, chakula cha mchana, bima ya afya ya familia, vocha ya simu, mkopo wa riba nafuu, kusomeshwa, punguzo la ada ya mtoto, jeneza na gari siku ya msiba. Mengine ni fedha taslimu, mengine ni huduma, mengine ni muda tu wa kuwa nyumbani.

Kuna kitu kimoja cha kutenganisha mapema, kwa sababu kwenye usaili huchanganywa sana. Mwajiri akijisifu kwamba kwake kuna likizo na NSSF, hajakupa cha ziada, ametaja wajibu wake. Hizo ni stahiki zilizoandikwa wazi kwenye sheria, likizo na saa za kazi zikiwa kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo, sikukuu zinazoangukia humo zikihesabiwa ndani. Mama akijifungua ana siku 84 zenye malipo, au siku 100 akipata mtoto zaidi ya mmoja kwa mpigo, na akirudi kazini ana hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Ugonjwa una siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na ovataimu hulipwa mara moja na nusu. NSSF inachukua asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake. Ukiona makato ya WCF kwenye hati yako ya mshahara, uliza siku hiyo hiyo.

Marupurupu huanza pale sheria inapoishia. Mwajiri anayechangia NSSF zaidi ya nusu, anayetoa siku 35 za likizo, anayelipa mshahara kamili kwa miezi yote ya ugonjwa, huyo ndiye ametoa kitu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi kuliko mengine, yaani mshahara wa msingi unaofichwa nyuma ya posho. Kampuni inakuambia utapata shilingi 800,000. Ukifungua mkataba unakuta msingi ni 400,000, na zilizobaki ni posho ya nyumba, posho ya usafiri na posho ya chakula. Mwisho wa mwezi huoni tofauti yoyote. Tofauti inakuja siku ukifanya ovataimu na siku ukipunguzwa kazi, kwa sababu malipo ya vyote viwili hupigiwa hesabu kwa mshahara wa msingi. Chukua kiinua mgongo: mwajiri akikuachisha bila kosa la nidhamu, sheria inakupa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, mwisho miaka 10. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 26 kupata wa siku. Msingi wa 800,000 unakupa kama shilingi 2,150,000 baada ya miaka 10. Msingi wa 400,000 unakupa kama 1,077,000. Kazi ni ile ile, miaka ni ile ile, na nusu ya haki imeyeyuka kwa sababu ya jinsi karatasi ilivyopangwa. Posho za fedha zenyewe kwa kawaida hukatwa kodi ya PAYE kama mshahara, kwa hiyo hata unafuu wa kodi hukuupata. Mimi ningechukua msingi wa 700,000 bila posho kabla ya 800,000 ya namna hiyo.

Arusha na Moshi kuna aina ya malipo inayowapotosha hata watu makini: tipu. Dereva anayepeleka watalii Serengeti na Ngorongoro, au mwongozaji wa Kilimanjaro, anaweza kupata kwenye safari moja dola zinazozidi mshahara wake wa mwezi. Kuanzia Juni hadi Oktoba, tena Desemba hadi Februari, fedha ipo. Ndiyo maana vijana wengi hukubali mshahara wa msingi mdogo kabisa, au wafanye kazi kwa safari bila mkataba wa mwaka. Lakini tipu anaitoa mgeni, wala si mwajiri. Haiingii NSSF, benki haiitambui kirahisi ukiomba mkopo, haihesabiwi kwenye kiinua mgongo, na masika ya Aprili na Mei inakauka. Mwaka 2020, wa korona, ilikauka hata kwenye msimu: watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000. Dereva aliyekuwa na ajira rasmi na michango ya angalau miezi 18 alikuwa na fao la kukosa ajira la NSSF la kudai, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Si nyingi, ila ilikuwa unga na kodi ya chumba. Aliyeishi kwa tipu peke yake hakuwa na mlango wa kugonga.

Kwa wapagazi wa mlimani, wale tunaowaita wagumu, hata jina la marupurupu linabadilika. Kwao jambo kubwa ni milo mitatu kwa siku, hema lisilovuja, koti la baridi, na mzigo usiozidi kilo 20 unaopimwa getini. Mtu wa ofisini anaweza kuona hayo ni madogo. Kwenye baridi ya kambi ya Barafu, usiku wa kuelekea kileleni, ndiyo uhai wenyewe. Na kwa wanaofanya kazi kwa vipindi, sheria haijawasahau kabisa: aliyemfanyia mwajiri mmoja kazi zaidi ya mara moja katika mwaka, na jumla ikazidi miezi 6, ana haki ya likizo yenye malipo. Wachache sana huidai.

Bima ya afya ndiyo ningeiweka juu ya marupurupu mengine yote kwa mtu mwenye familia. Kazi nyingi sasa zina bima, kwa hiyo swali la maana ni inamfikia nani na inaishia wapi. Kadi ya mtumishi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, inayochangiwa asilimia 6 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi nusu kwa nusu, humchukua mwanachama na wategemezi wasiozidi 5, wakiwemo wazazi. Kadi za kampuni binafsi hutofautiana: nyingine zinaishia kwa mwenza na watoto, nyingine zina kiwango cha mwaka ambacho upasuaji mmoja unakimaliza. Uliza kama kadi inapokelewa KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, kwa sababu kwa kanda hii mgonjwa akizidiwa ndiko anakopelekwa. Uliza kuhusu kisukari na presha, hasa kama mama yako yupo Kibosho au Rombo na anameza dawa kila siku. Kijana wa miaka 24 haoni thamani ya hiyo kadi. Akifika 40, na mzazi amelazwa, ataelewa kwamba ile kadi imemlinda asiuze kiwanja.

Ada nayo ni jambo zito. Shule binafsi nyingi za hapa kwetu huwapa walimu na wafanyakazi wake punguzo kwa mtoto mmoja au wawili, na zipo zinazosamehe ada yote. Mwalimu wa mshahara wa kawaida ambaye watoto wake wawili wanasoma bure kuanzia chekechea hadi kidato cha nne amelipwa vizuri kuliko hati yake ya mshahara inavyoonyesha. Tatizo ni kwamba amefungwa hapo. Akitaka kuhama, anahamisha na elimu ya watoto.

Nyumba ya kampuni ina sura hiyo hiyo. Mashamba makubwa yalijengwa na makazi ya wafanyakazi tangu zamani; TPC, kiwanda cha sukari cha Arusha Chini kilichoanza miaka ya 1930, kina nyumba, hospitali na shule ndani ya eneo lake. Mtu anaweza kukaa humo miaka 30 bila kulipa kodi ya pango. Uzuri wake ni mkubwa, ilimradi ile fedha ya kodi isiyolipwa iende kwenye tofali za kwake mwenyewe, maana siku ya kustaafu funguo zinarudi.

Kusomeshwa ni kwa aina yake, kwa kuwa ukiondoka unaondoka nacho. Nesi aliyeingia na cheti, hospitali ikampeleka diploma, baadaye shahada, amepewa kitu ambacho hakuna mwajiri wa kumnyang'anya. Kwa kawaida utasaini kwamba utatumikia miaka kadhaa baada ya kuhitimu, na ukivunja unarudisha gharama. Soma hiyo idadi ya miaka. Miwili au mitatu ni ya kawaida kwa macho yangu. Mitano kwa kozi ya miezi 6 ni kifungo.

Halafu Desemba. Hapa watu wa Moshi mnanielewa. Kurudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, kukaa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kuona wazee, kumaliza mambo ya ukoo, ni jambo ambalo mtu yuko tayari kulilipia. Kisheria mwajiri ndiye anayepanga likizo ianze lini, mradi itolewe ndani ya muda uliowekwa, na mshahara wa likizo ulipwe kabla hujaondoka. Kwa hiyo kampuni inayofunga ofisi kuanzia katikati ya Desemba inatoa zawadi kubwa bila kuongeza senti. Kampuni za utalii haziwezi, kwa kuwa Krismasi ni msimu. Wafanyakazi wake hupangiwa likizo wakati wa masika. Kama kwenu Desemba ni lazima, lijue hilo kabla ya kuchagua sekta, usije ukalaumiana na meneja kila mwaka.

Msiba pia. Sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo kwa kufiwa na watu wa karibu au mtoto kuugua. Siku 4 za kusafirisha mwili kutoka Arusha, kuzika na kumaliza matanga hazitoshi. Mwajiri anayetoa siku 10, jeneza, gari na rambirambi amegusa mahali ambapo familia za hapa hubomoka kifedha. Mambo kama hayo huyakuti sana kwenye barua ya ajira ya mtu mmoja. Yanapatikana kwenye mkataba wa hali bora, ule ambao chama cha wafanyakazi hujadiliana na mwajiri. TPAWU wako mashambani, CHODAWU mahotelini, TUGHE serikalini na kwenye afya. Kabla ya kujiunga na kampuni, muulize mfanyakazi wa zamani kama upo na unasemaje.

Wengi Arusha huota kazi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika au mashirika ya Umoja wa Mataifa, na marupurupu ya huko ni mazuri kweli. Lakini mikataba mingi ina muda wake. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliajiri watu mjini Arusha tangu miaka ya 1990, ikafungwa Desemba 2015, na waliokuwa wamezoea maisha yale walilazimika kuyapunguza ghafla. Kazi ya namna hiyo ifanyie hesabu ya miaka iliyoandikwa tu.

Chochote unachoahidiwa, kiombe kwenye karatasi. Kifungu cha 15 cha sheria ile ya 2004 kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwemo mshahara, namna unavyokokotolewa, na mafao au malipo yasiyo ya fedha. Nyumba, ada, usafiri, bima ya wazazi, vyote vinaingia humo. Na mgogoro ukifika kwenye shauri, mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha unachodai. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA: siku 30 kama umeachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine. Siku hizo zinahesabiwa hata kama bado mnaongea na meneja kwa upole akikuambia subiri kidogo.