Masika yamekatika: punguza matuta, tunza marando

Kila mwisho wa Mei naulizwa swali lilelile: sasa nipande nini? Mimi nasema kwanza punguza. Hapa Mwanza masika yakishakatika, mvua ya maana tunaitegemea vuli, kuanzia mwezi wa kumi. Bustani iliyokuwa inanyweshwa na mawingu itanyweshwa na mikono yako, kwa hiyo ukubwa wake uamuliwe na maji uliyonayo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kiangazi chenye jua na upepo, mita moja ya mraba ya mboga iliyofunga majani hupoteza kama lita 4 hadi 5 kwa siku. Tuta la mita 1 kwa 5 linataka ndoo ya lita 20 kila siku, na mara nyingine zaidi. Unayeishi mlimani na maji unayapata kwa mgawo, matuta mawili yaliyoshiba yatakulisha kuliko matano yenye kiu. Mchicha ukikosa maji unakimbilia kutoa maua, na majani yanakuwa magumu kabla hujachuma mara ya pili.

Wengi wetu tunalima kichanga kilichotokana na haya mawe yetu ya graniti, udongo ambao Wasukuma wanauita luseni. Jembe linaingia bila shida, ila maji yanapita moja kwa moja. Matuta ya kuinuka yalitufaa wakati wa mvua kwa sababu yalitoa maji, kiangazi yanatukausha. Yasawazishe, kisha chimba tuta mbonyeo, yaani lililo chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita 15 hivi. Changanya samadi iliyooza vizuri na uache kingo zisimame pembeni ili maji yasitoroke. Juu yake tandaza majani makavu au pumba za mpunga kutoka mashineni. Hiyo ndiyo kazi ninayoisisitiza kuliko zote. Funua matandazo saa nane mchana ushike udongo wa chini yake: unashikamana kiganjani. Sogea hatua moja pasipofunikwa, unachuruzika katikati ya vidole.

Walio karibu na ziwa wanaweza kutandaza gugumaji. Liopolewe, likaushwe kabisa juani mbali na maji, ndipo likatwekatwe. Na tusilisogelee ziwa kwa majembe: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na kichanga kikilimwa pale huishia majini mvua ya kwanza tu.

Kuna badiliko ambalo watu hawaliangalii. Mwezi Juni jua letu la mchana linakuwa limeegemea kaskazini, kwa hiyo kivuli cha nyumba au cha jiwe kubwa kinaangukia kusini. Kitalu cha chainizi kiweke huko. Upande wa magharibi wa jiwe ni mbaya kwa miche, maana jiwe linachomwa jua la alasiri na kuendelea kutoa joto hata giza likiingia.

Nyanya zinapata nafuu ya ugonjwa wa bakajani, lakini ukavu unamleta kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hula ndani ya majani. Ukiona jani lina mabaka meupe kama karatasi, limulike juani: kiwavi utamwona ndani. Chuma majani hayo uyachome moto, usiyatupe kwenye mboji.

Sasa marando, yaani vipande vya mashina ya viazi vitamu vinavyopandwa kama mbegu, maana hapa ndipo vuli inapotengenezwa. Viazi vitamu vinavunwa, michembe (vipande vya viazi vibichi) na matobolwa (vipande vya viazi vilivyochemshwa) vinaanikwa, halafu shamba linaachwa mbuzi wamalize. Mvua zikirudi, kila mtu anatafuta mbegu kwa jirani, na mara nyingi anachopewa ni marando yaliyochoka, yenye virusi. Ukiwa na eneo dogo lenye unyevu, kwenye migomba au yanakotokea maji ya kuoshea mchele, panda marando machache leo. Utachuma matembele kiangazi kizima na mbegu utakuwa nayo.

Usipokuwa na unyevu, hifadhi viazi vyenyewe. Wakati wa kuvuna chagua vidogo kutoka mashina yenye afya, visivyo na jeraha wala tundu la fukusi. Chukua beseni, weka mchanga mkavu uliopoa, panga viazi bila kugusana, funika kwa mchanga, panga tena, malizia na mchanga. Beseni likae ndani, mahali penye ubaridi na pasipofikiwa na panya. Kila mwezi vifukue, toa vilivyooza, na vilivyochipua vunja machipukizi. Mwishoni mwa Agosti, wiki 6 hadi 8 kabla ya vuli, uvipande viazi hivyo kwenye kitalu chenye uzio, nusu mita kati ya kiazi na kiazi, na umwagilie. Mvua zikishika utakata marando mapya, yenye nguvu, ya urefu wa sentimita 30, na kuyapeleka moja kwa moja kwenye matuta.