Mji usio na viwanda vikubwa nao hutoa gesijoto

Wengi Kigoma huamini kwamba gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto hewani, ni habari ya miji ya viwanda, na kuipima kunataka mitambo ya wataalamu. Imani hiyo inaeleweka: moshi wa kiwanda huonekana kwa mbali, wa jikoni haumshtui mtu.

Kwa kawaida miji haipimi hewa yenyewe. Huhesabu kilichochomwa au kutupwa, kisha huzidisha kwa kiasi cha gesi kinachotolewa na kila lita au kilo. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani kilo 2.3 za hewa ukaa, ambayo ni gesijoto. Ya dizeli, 2.7 hivi. Muulize dereva wa bodaboda pale Mwanga anaweka lita ngapi kwa siku. Akisema tatu, hizo ni karibu kilo 7. Waulize pia wenye boti za injini Kibirizi, na wakamua mawese wanaochemsha chikichi kwa kuni.

Mkaa una hesabu ndefu zaidi, maana tanuri la udongo hula kilo kadhaa za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Anayehesabu magunia tu ameona kipande cha habari.

Kinachosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni taka. Maganda ya ndizi yakioza chini ya rundo pasipo hewa hutoa methani, ambayo kwa miaka 100 huongeza joto takribani mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Mtaa ukipima ndoo zake kwa wiki moja, hata kwa mizani ya sokoni, tayari una takwimu. Maganda hayo yakifanywa mboji inayogeuzwa mara kwa mara, methani hupungua sana.