"Kocha, nitamlaza kabla hajanishika"

Kila kijana wa kikiboksi anayekuja kuniambia anataka kuhamia MMA (mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka) na kulipwa huja na kauli hiyo hiyo. Hapa Kigoma wa Mwanga wanayo, wa Ujiji wanayo, na juzi kaja mwingine kutoka Kasulu kaitoa kabla hata hajavua viatu. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, basi nawajibu wote.

Dhana: Mwenye mateke makali haangushwi

Mwenye mateke makali ndiye anayeangushwa kirahisi, kama hana kingine. Kila ukirusha teke unabaki umesimama kwa mguu mmoja. Kwenye kikiboksi mwenzio akiushika ule mwingine, refa yupo, anawaachanisha, mnaanza upya. Kizimbani, yaani ndani ya ulingo wa MMA wenye wavu, refa hawaachanishi kwa kushikwa mguu tu. Unapigwa mtama, unakwenda chini, na jamaa anakukalia anakushindilia viwiko mpaka kengele ilie.

Halafu jiangalieni mnavyosimama. Wima, uzito wote nyuma, mguu wa mbele mwepesi, tayari kuinuka kuzuia teke la paja. Mguu huo mwepesi ndio mtu wa mieleka anaoutafuta. Na ule mtindo wenu wa kumwaga ngumi nne mfululizo! Kufikia ya tatu kifua chako kimeshamfikia, mikono yako iko juu, na yeye anapita chini yake kukumbata miguu. Ndiyo maana ukihamia huku unapunguza idadi ya ngumi, unashusha kiuno, na teke hulirushi mpaka ujue mguu wako utarudi wapi.

Wabishi hunitajia Mirko Cro Cop. Haya, tumzungumzie. Mcroatia huyo alitoka K-1, mashindano ya kikiboksi ya Japani, akiwa na teke la kushoto lililolaza watu wengi, na mwaka 2006 akatwaa taji la uzito huria la PRIDE, shirika la MMA la Japani. Aprili 2007, Manchester, akakutana na Gabriel Gonzaga, Mbrazili wa jiujitsu, mchezo wa kukabana chini. Gonzaga alimwangusha, akamtwanga viwiko pale chini, refa akawasimamisha, na kabla raundi ya kwanza haijaisha Gonzaga akamzimisha Cro Cop kwa teke la kichwa. Mtu wa mieleka ya chini kammaliza bwana mateke kwa teke! Mimi sioni muujiza wowote hapo. Ukishaangushwa mara moja, akili yako yote inahamia kiunoni kwa mwenzio, mikono inashuka kungoja kukumbatwa, na kichwa kinabaki wazi.

Mwaka 2010 ikawa zamu ya James Toney, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa ngumi. Alipanda kizimbani na Randy Couture, mtu wa mieleka mwenye umri wa miaka 47. Toney aliwekwa chini mwanzo kabisa wa pambano, na raundi ya kwanza haikuisha kabla hajakabwa akasalimu amri.

"Na Alex Pereira je, kocha?" Pereira huyo huyo, bingwa wa zamani wa kikiboksi, pambano lake la kwanza la MMA mwaka 2015 alipigwa kabari akashindwa. Hakuingia UFC, shirika la MMA la Marekani, mpaka 2021, na nyuma yake alikuwapo Glover Teixeira, mkongwe anayeujua mchezo wa chini. Novemba 2022 alimnyang'anya mkanda Israel Adesanya, lakini raundi ya tatu ya pambano hilo Adesanya alimwangusha na kumkalia. Adesanya naye ametoka kikiboksi. Kwa hiyo hata mpiga mateke mwenzako atakuweka chini akiona hapo ndipo ulipo dhaifu.

Ndiyo maana kwangu huanzi na kukaba watu. Unaanza na kuinuka. Tunakwenda Katonga, kwenye mchanga wa ziwa (nani kasema lazima uwe na magodoro ya bei?), unalala chali, mwenzio anakukalia, kazi yako ni kusimama. Unalala ubavu, unasukuma kwa kiwiko, kiganja kinagusa chini, kiuno kinatoka, mguu unapita chini yako. Usimpe mgongo, maana ukimpa mgongo umemkaribishia roba. Miezi mitatu ya hivyo, kila wiki, kabla hujaniuliza habari za promota. Wengi wanakimbia wiki ya pili. Wanasema mchanga unawasha.

Dhana: Pumzi ninayo

Unayo ya raundi tatu za dakika tatu. MMA ya kulipwa ni raundi za dakika tano, na pambano la mkanda huwa la raundi tano. Zaidi ya hapo, kukimbia Mwanga hadi Ujiji hakukuandai kubeba mtu wa kilo 70 asiyetaka kubebwa.

Dhana: Gadi yangu inanitosha

Gadi yako imezoea glovu za aunsi 8 au 10, unajificha nyuma yake. Za MMA ni aunsi 4 na vidole viko nje. Ngumi inapita katikati. Tembeza kichwa, tembeza miguu.

Dhana: MMA haina sheria

Kumchoma mtu vidole vya macho, kumpiga mtu kwa kichwa chako, kupiga kisogo, kupiga sehemu za siri, kumpiga teke la kichwa aliye chini: yote ni faulo chini ya kanuni zinazotumika sehemu kubwa ya dunia. Someni.

Dhana: Uzito unakatwa kwa kutokunywa maji

Nawaona saa saba mchana barabara ya Kibirizi, mmevaa mifuko ya plastiki chini ya jezi. Desemba 2015 Yang Jian Bing, Mchina wa miaka 21, alifariki akikata uzito kwa ajili ya pambano Manila. Baada ya hapo ONE, shirika la MMA la Asia lililoandaa pambano hilo, ilipiga marufuku ukataji uzito wa kujikausha maji. Pigana kwenye uzito ulio karibu na mwili wako. Ugali na migebuka viendelee, mawese yapungue.

Dhana: Pambano la kwanza nilipwe

Anza na ridhaa. Promota anayekuita Dar bila kuuliza umewahi kupigana chini mara ngapi anatafuta mtu wa kupigwa na mpiganaji wake. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Muulize mpinzani ni nani na ametokea mchezo gani, na nani analipa nauli ya kurudi, kabla hujakata tiketi.