Pilipili inawashaje? Kemikali za mimea na mawasiliano ndani ya seli

Ukitafuna pilipili, ulimi unawaka moto ingawa joto la mdomoni halijapanda. Kinachotokea ni kwamba kemikali ya mmea, kapsaisini, imeishika protini moja ya mishipa ya fahamu na kuifungua.

Protini hiyo huitwa TRPV1. Hukaa kwenye utando wa seli zinazohisi maumivu, ina tundu katikati, na kwa kawaida hufunguka joto likifika takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Kapsaisini ikijishikiza hapo, tundu hufunguka hata bila joto hilo. Kalsiamu na sodiamu huingia, neva hupeleka ishara, na ubongo hupata taarifa ileile ya kuungua. Kundi la mwanasayansi David Julius wa California liliitambua protini hii mwaka 1997, na mwaka 2021 yeye na mwanasayansi mwenzake Ardem Patapoutian wakapewa Tuzo ya Nobeli. Ndege nao wanayo, ila ya kwao haijali kapsaisini, ndiyo maana hudonoa pilipili bila taabu na kueneza mbegu zake.

Lakini mambo hayaishii kwenye utando. Ndani ya seli, protini huwashana na kuzimana kwa zamu, mara nyingi kwa kubandikana au kubanduana fosfeti, kipande kidogo cha kemikali chenye fosforasi. Mfululizo huo ndio njia ya ishara. Kalsiamu iliyoingia huamsha kimeng'enya kiitwacho kalsinurini, nacho hubandua fosfeti kwenye TRPV1 yenyewe, ikapungua ukali. Kwa hiyo kemikali iliyoleta maumivu ndiyo inayoyatuliza baadaye! Kapsaisini ikiwa nyingi, hata ncha za neva kwenye ngozi hunywea kwa muda. Plasta zenye kapsaisini ya asilimia 8 hutumika hivyo kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Penye uvimbe huwa kinyume: vimeng'enya vingine hubandika fosfeti, TRPV1 ikawa nyepesi kufunguka, na ngozi iliyobabuliwa na jua ikauma kwa maji ya vuguvugu tu.

Si kila mmea una ushahidi wa namna hii. Kurkumini, kemikali ya kiungo kiitwacho manjano, ikiwekwa kwenye seli za maabara, hupunguza kazi ya NF-kB, protini inayowasha jeni za uvimbe. Ukiila, utumbo na ini huivunja haraka, na kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Matokeo ya maabara pekee hayatoshi kuiita tiba. Vidonge vingi vya kurkumini huongezwa piperini, kemikali ya pilipili manga, ili kuchelewesha uvunjaji huo, na hapo pana hatari inayosahaulika: piperini inaweza kuchelewesha pia kuvunjwa kwa dawa za hospitali, zikazidi mwilini. Anayetumia dawa za kifafa au za moyo amweleze daktari kabla ya kumeza vidonge hivyo.