Oili inavuja tena? Tunayoambiana kuhusu gari za zamani, na ukweli wake

Nina Corolla 110, injini 5A-FE ile yenye distributa (kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi), gia za mkono, na kwa karibu mwaka mzima ilikuwa inadondosha oili sehemu ile ile, pale injini inapoungana na gia boksi. Kila asubuhi nikiitoa nakuta doa kwenye sakafu, siku nyingine kama kizibo cha soda, siku nyingine kama kisosi. Nikaambiwa sili ya nyuma ya kranki, yaani mpira unaozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea, imekufa. Gia boksi ikashushwa, sili ikabadilishwa, na kwa vile kazi ishafunguliwa nikashauriwa niweke na klachi mpya kabisa, nikalipa. Wiki ya tatu doa likarudi. Gia boksi ikashushwa mara ya pili, sili nyingine, safari hii wakasema ni jenyuini. Doa likarudi tena. Muda wote huo kilichokuwa kinavuja ni o-ringi ya distributa, kipete cha mpira kipana kama mdomo wa chupa, bei yake haifiki hata ya lita moja ya oili.

Hela iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna mtu hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyewahi kuisafisha ile injini na kuangalia oili inatokea wapi kabla ya kushika spana. Yaani tulikuwa tunabahatisha kwa hela yangu. Nimekuja kugundua makosa mengi kwenye hii ishu yanatokana na maneno tunayorithishana tu, kijiweni, gereji, kwa majirani, na mengi si kweli.

La kwanza na baya kuliko yote ni hili la "inapodondokea ndo inapovujia". Hapana. Oili inatambaa. Inashuka, inafuata kingo za vyuma, ukiwa kwenye spidi upepo unaopita chini ya gari unaisukumia nyuma, halafu inaenda kujikusanya sehemu ya chini kabisa na kudondoka hapo. Ndo maana sampu, lile beseni la oili chini ya injini, karibu ya kila gari ya zamani ina unyevu na kila mtu anasema "sampu inavuja", kumbe sampu imeletewa tu kutoka juu. Kwenye hizi injini za A za Toyota zenye distributa, distributa yenyewe imechomekwa ubavuni mwa silinda hedi (kichwa cha injini) upande wa gia boksi, kwa hiyo o-ringi yake ikikakamaa, oili inateremka na ukuta wa hedi, inatua juu ya nyumba ya gia boksi, inafuata ule mstari wa maungio mpaka chini, na inadondokea pale pale ambapo sili ya nyuma ya kranki ingedondokea kama ingekuwa imekufa. Ukilala chini ya gari na kuangalia juu huwezi kutofautisha. Tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya hedi, nayo ikivuja kona ya upande ule inafanya mchezo huo huo. Sasa fikiria, kubadilisha o-ringi ni kazi ya nusu saa, kushusha gia boksi ni siku nzima.

Kwa hiyo utafute kuanzia juu kwenda chini, na kwanza usafishe. Injini ikiwa imepoa, funika distributa, altaneta na mdomo wa hewa kwa mifuko, pakaa sabuni ya kuyeyusha grisi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji ya kawaida yasiyo na presha kubwa, acha ikauke kabisa. Tafadhali usioshe kwa petroli, watu wanafanya sana hii kitu na ni hatari ya moto, halafu petroli na hata dizeli zinaharibu mipira ile ile unayotaka isivuje. Ikishakauka chukua poda ya mtoto, ndio ile ya dukani, pulizia kwenye maungio yote unayoyashuku, hedi, chini ya distributa, pembeni ya oili swichi, kuzunguka filta. Endesha dakika kumi au kumi na tano, rudi, fungua boneti, angalia kwa tochi. Yangu niliifanya usiku saa mbili, na kwenye ule weupe wa poda kulikuwa na mstari mmoja mwembamba wa kahawia, kama mtu kachora kwa penseli, umeanzia chini ya shingo ya distributa na kushuka moja kwa moja kwenye gia boksi. Tapeti kava upande ule ilikuwa nyeupe kavu. Niliuangalia ule mstari dakika nzima bila kusema neno.

Kanuni ni kwamba sehemu ya juu kabisa yenye unyevu ndo chanzo, ya chini yake yote ni njia tu. Kama inavuja kidogo sana hata poda haionyeshi, kuna rangi maalum unachanganya kwenye oili, unaendesha siku mbili tatu, halafu unamulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau, panapovuja panang'aa kijani kibichi. Na kabla ya yote hakikisha ni oili ya injini kweli. Weka boksi jeupe chini usiku. Doa la kahawia au jeusi ni oili ya injini, jekundu mara nyingi ni hydroliki ya stering au ya gia boksi ya otomatiki, kijani au pinki yenye utamu utamu kwa harufu ni kulanti ya radieta, maji ya kupozea injini, na maji matupu upande wa abiria baada ya kuwasha AC ni kawaida, usihangaike nayo.

Halafu kuna hili, "nimebadilisha sili imevuja tena, basi sili ni feki". Feki zipo kweli, siwezi kubisha, ila mara nyingi sili inasingiziwa, na kwa gari inayovuja kila ukirekebisha hapa ndo pa kutulia. Ndani ya injini, chini ya pistoni, kuna hewa. Kila pistoni inaposhuka na mlipuko, gesi kidogo inapenya kwenye ringi za pistoni na kuingia huko chini, hata kwenye injini nzima, na kwenye injini iliyochoka inapenya nyingi zaidi. Hiyo gesi lazima itoke. Inatolewa na kivalvu kidogo kinaitwa PCV, kwenye 5A-FE kimechomekwa kwenye raba juu ya tapeti kava na kimeunganishwa na mpira unaoenda kwenye menifodi ya kuvuta hewa. Sasa hicho kivalvu kikiziba kwa masizi na oili iliyoganda, gesi haina pa kwenda, presha inapanda ndani ya injini na inatafuta sehemu dhaifu kuliko zote ya kutokea. Leo ni o-ringi ya distributa, ukiiziba hiyo, mwezi ujao ni sili ya kamshafti (shafti ya juu inayofungua valvu), ukiiziba hiyo, inahamia kwenye tapeti kava. Mwenye gari anasema "hii gari ina mkosi", fundi anasema "spea za siku hizi", na kumbe kivalvu cha bei ya chakula cha mchana hakijaguswa tangu gari ishushwe bandarini.

Kukipima hakuhitaji kompyuta. Kichomoe, kitikise sikioni, kizima kinalia kwa ndani, tiki tiki. Changu kilikuwa kimya kama jiwe, nikakichokonoa kwa sindano ikatoka tope nyeusi. Ukiwa umewasha injini bila kukanyaga, weka kidole kwenye mdomo wake, unatakiwa uhisi unavutwa. Halafu fungua kifuniko cha kujazia oili huku injini inanguruma, weka kipande cha karatasi juu ya tundu: kikitulia au kikivutwa kidogo ni poa, kikirushwa na moshi ukatoka kwa mapigo, na PCV ni nzima, basi ringi zimechoka na hapo hakuna sili ya dunia hii itakayokutatulia hilo tatizo, utakuwa unalipia dalili.

Sababu ya pili ya sili mpya kuvuja ni shafti yenyewe. Mdomo wa sili unasugua sehemu moja ya kranki kwa miaka ishirini na zaidi, mwisho unachimba mfereji, ukipitisha ukucha unakwama. Sili mpya ikikaa kwenye mfereji ule ule inavuja hata kama umeinunua kwa bei gani. Fundi anayejua anaisukuma sili mbele au nyuma milimita moja mbili kama nafasi ipo, ili mdomo uguse chuma kizima, au anavalisha shafti kipete chembamba cha chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiwa pale muulize, "shafti umeipapasa?" Swali dogo lakini linaokoa.

"Weka silikoni ya kutosha ndo itaziba." Hii nayo imeua injini. Silikoni unayoiona imefura kwa nje, ujue na kwa ndani imefura hivyo hivyo. Kile kipande cha ndani kinakatika, kinaanguka kwenye sampu, kinaenda kuziba chujio la pampu ya oili, na pampu ikikosa oili vyuma vinasuguana vikavu. Gasketi ya mpira ya tapeti kava haipakwi silikoni mzunguko mzima, inakaa kavu, unaweka tone tu kwenye zile kona ambapo kepu za kamshafti zinakutana na hedi, basi. Sampu ya injini hizi ni kweli inazibwa kwa silikoni maalum, lakini uzi mwembamba usiokatika, juu ya chuma kilichokwanguliwa na kufutwa mpaka hakina oili hata kidogo, halafu isubiriwe ikauke kama maelekezo ya kwenye tyubu yanavyosema. Kupaka, kufunga, kujaza oili na kuwasha hapo hapo kwa sababu mteja ana haraka, hiyo itavuja tu, na kosa si la silikoni.

Na kukaza. "Kaza nati itaacha." Nati za tapeti kava zinakazwa kwa nguvu ndogo sana, chini ya nyutoni mita 10, yaani spana fupi na mkono mlegevu. Ukizikaza kama za tairi, kava inapinda, gasketi inabanwa inapasuka, na kavuja kadogo umekageuza kakubwa. Kama mpira umeshakakamaa kwa joto, kaza usikaze haisaidii. Ile o-ringi yangu ya zamani niliikunja kati ya vidole viwili ikavunjika kama biskuti, mpya unaikunja inarudi yenyewe. Ukifungua distributa weka alama kwanza ilipokuwa imekaa, chora mstari kwa tindo au rangi, maana ukiirudisha imezunguka kidogo taiming ya moto inahama na gari inakosa nguvu.

Oili nzito. Wengi tunaweka 20W-50 kwa imani kwamba inaziba. Namba ya mwisho ni uzito wake injini ikiwa ya moto, kwa hiyo ndio, 50 inaweza kutoka taratibu kuliko 30, lakini tundu liko pale pale, halafu asubuhi ukiwasha inachelewa kufika juu kwenye kamshafti. Upande wa pili kuna wanaosema sintetiki inasababisha kuvuja. Zile za mwanzo miaka ya 1970 ziliwahi kusumbua baadhi ya sili, ila za sasa zinachanganywa na viambato vya kuzitunza sili. Kinachotokea ni kwamba oili nzuri inasafisha tope lililokuwa limeziba ufa, ufa unaonekana. Ufa ulikuwepo. Zile dawa za kuzuia kuvuja zinalainisha na kuvimbisha mpira uliokakamaa, zinaweza kukusogeza miezi kadhaa, ila haziwezi kitu kwa sili iliyochanika wala shafti yenye mfereji wala PCV iliyoziba.

Hili la taa ndo linanitisha. "Taa ya oili haijawaka, niko salama." Ile taa nyekundu haipimi oili iko kiasi gani, inapima presha, na inawaka presha ikiwa imeshuka sana, wakati huo vyuma vishaanza kuumia. Injini kama yangu inabeba lita tatu hivi. Toka alama ya juu mpaka ya chini kwenye stiki ya kupimia oili ni kama lita moja, kwa hiyo ukigusa alama ya chini umeshapoteza theluthi nzima na taa imenyamaza. Pima kila wiki, gari iko sehemu tambarare, umezima dakika tano. Na usijaze kupita alama eti iwe ya akiba, kranki inaanza kuipiga ile oili inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Ukisikia harufu ya oili kuungua ukiwa kwenye foleni, usisubiri, hiyo inadondokea kwenye menifodi ya ekzosti na gari zinaungua moto hivyo.

Mimi siamini kwamba gari ya zamani lazima ivuje. Ila kuna kuvuja na kuna kutoa jasho. Unyevu uliokamata vumbi bila kudondosha tone, huo unaandika tarehe unauangalia, huo hauhitaji kufungua injini. Sampu yangu inatoa jasho hivyo mpaka leo, boksi jeupe linalala kavu. Sili ya mbele ya kranki bado ni ya zamani ila kavu, na hiyo nitaibadilisha pamoja na sili ya kamshafti siku ya taiming belti, maana kazi ya kufungua ni ile ile moja. O-ringi nyingine ya distributa ninayo tayari, iko kwenye kabati la gari ndani ya bahasha, pamoja na poda.