"Uzoefu wa mtumiaji" maana yake nini hasa

Jumamosi iliyopita, kwenye kikao cha vijana wa programu huria hapa Dodoma, nililisikia tena: "Kazi imeisha, bado uzoefu wa mtumiaji tu, tutampa dada aweke rangi." Nikanywa maji, nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Maana yenyewe ni fupi. Uzoefu wa mtumiaji ni yote yanayompata mtu tangu aliposikia programu ipo hadi amalize shida iliyompeleka kwake: kuipakua kwa bando la kuungaunga, kuifungua, kupotea, kukasirika, kufanikiwa, kumsimulia jirani. Programu huria unazijua, zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya, uko wazi na yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuugawa. Tuendelee.

Tatizo ni hilo neno "uzoefu". Linatokana na kuzoea, na kuzoea huchukua muda. Tangazo la kazi likidai uzoefu wa miaka mitatu, hakuna anayekuuliza miaka hiyo ilikuuma wapi. Mzoefu ni mtu aliyeota sugu. Ukimbandika mtumiaji neno hilo unapata kiumbe asiyekuwepo: mtu aliyekwisha kuizoea programu ambayo haijatoka. Ndiyo maana wenzetu wakiletewa malalamiko hujibu "atazoea tu", na hawaoni aibu, kwa sababu neno limewapa ruhusa.

Aliyeeneza msemo wenyewe kwa Kiingereza, "user experience", ni Donald Norman, mtaalamu wa usanifu, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipokuwa Apple. Maneno yaliyokuwepo, ya kiolesura (kile mtu anachokiona na kukigusa kwenye skrini) na ya wepesi wa kutumia, yalimbana. Alitaka neno la kubeba kila kitu mtu anachokutana nacho. Sasa Kiingereza kina neno moja, "experience", kwa mambo mawili, kukaa kwenye kazi miaka mingi na kupatwa na jambo. Sisi tulipofasiri tukabeba la kwanza. Wakenya hupenda kusema tajriba, na huku kwetu anayelitamka huonekana anasoma kitabu kwa sauti. Lakini liangalieni asili yake: Kiarabu jarraba, kujaribu, mzizi uleule uliotupa "jaribu". Tajriba na jaribio wamezaliwa tumbo moja. Ndani yake yumo mtu aliyeingia mahali asipopajua, hajui kitakachompata. Hapo ndipo maana ilipo. Sitegemei kushinda, maana "uzoefu" tumeshauzoea.

Nawapa mfano wa kwetu. Kundi linatengeneza programu ya kuandikia mizani ya zabibu. Dada yule wa kuweka rangi alikwenda Mpunguzi, akakaa asubuhi nzima na mama mmoja mkulima, hakumfundisha kitu, alimtazama tu. Mama akaandika kilo vizuri kabisa, akafika kwenye kitufe cha "Hifadhi", akarudisha simu. "Mimi sina pa kuhifadhi, nauza leo leo." Alidhani anaulizwa habari za ghala! Miezi miwili waandika msimbo walikuwa wanatafuta kwa nini rekodi za wakulima hazionekani.

Dada akarudi na ugunduzi huo, akaambiwa afungue ombi la kuunganisha msimbo, yaani aombe msimbo aliouandika uingizwe kwenye mradi. Msimbo upi? Hana. Kwenye orodha ya wachangiaji jina lake halipo, kwa sababu orodha hiyo inajiandika yenyewe kutokana na mabadiliko yanayoingizwa kwenye mafaili ya mradi. Aliyesahihisha nukta mbili kwenye maelezo yumo.

Hapa watu huchanganya msanifu na mpambaji. Mpambaji wa ukumbi anakuja asubuhi ya harusi, kadi zimeshagawiwa na mbuzi ameshachinjwa, na anafanya kazi nzuri. Msanifu ni mwingine. Tangu serikali ihamie huku tumeona majengo yakiota kila upande hadi Mtumba, na sijaona mtu akimwita msanifu majengo baada ya kupiga bati. Kwenye programu tunafanya hivyo kila wiki.

Si kwamba programu huria haziwezi. Mwaka 2001 kampuni ya Sun Microsystems iliwakalisha watu mbele ya GNOME, ule mfumo huria wa dawati la kompyuta, ikaandika walipokwama. Mwaka uliofuata mradi ukatoa mwongozo wake wa usanifu wa kiolesura. Baada ya hapo msanifu wa kujitolea alikuwa na kitu cha kunyooshea kidole badala ya kubishana kuhusu anachopenda nani. Kwa kundi dogo kama letu yatosha alichoona msanifu kiwe kazi halali kwenye orodha ya kazi, hata kama ni aya moja na picha ya simu, na mmoja wa walezi wa mradi, wale wanaoamua kipi kiingie, awe mtu wa usanifu mwenye sauti ya kusema "bado". Cheo bila sauti hiyo ni mapambo mengine.

Kijana aliyesema maneno ya Jumamosi ni mchapakazi, wala simsemi kwa ubaya. Tangazo lake la kutafuta watu wa kujitolea nimeliona: "Wanahitajika waandika msimbo, pia watu wa uzoefu wa mtumiaji, mwishoni." Nitamwomba afute neno moja tu, lile la mwisho.